Mgongo wa Joho la Mama

Uwajima, Ehime
5 Septemba 1983

Kaka Hisao,

Nimesubiri nitulie ndipo nikuandikie. Sijatulia, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Siku mliyoondoka baada ya sikukuu ya wafu nilikuwa kazini, unajua. Niliporudi nikaingia chumba cha mbele kumwashia Baba ubani, nikakuta ukuta mtupu. Kofia ya Mama ya kuhijia haipo. Fimbo haipo. Nikafungua droo ya chini ya madhabahu: joho jeupe nalo halipo. Nilidhani tumeibiwa. Nikamkimbilia Mama jikoni. Bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua, akasema, "Hisao kasema anakwenda kuvitunza." Nikamuuliza yeye alikujibu nini. Akasema hakukujibu kitu.

Kwako wewe Mama akinyamaza basi ameruhusu. Umekuwa hivyo tangu utotoni.

Mwaka ule tulipomzika Baba, Mama alikizunguka kisiwa chote cha Shikoku kwa miguu, hekalu baada ya hekalu, wakati wewe ukituma kadi za kumwambia apande basi. Joho lile hakulivaa njiani hata siku moja. Alilibeba limekunjwa ndani ya plastiki, na kila alipofika alilitoa ligongwe muhuri. Umezaliwa huku, sina haja ya kukueleza joho la namna hiyo ni la nini. Ni sanda yake. Linavaliwa mara moja tu, na atakayelivaa hatajiona kwenye kioo.

Kofia baki nayo. Fimbo tutaizungumza. Joho lirudishe mwezi huu. Na ukijibu usitume nyumbani, tuma kazini kwangu, kwenye ghala la machenza, kwa jina langu. Simu usipige, iko ukumbini na Mama anasikia kila neno.

Sumie


Nagoya
17 Septemba 1983

Sumie, mdogo wangu,

Unaniandikia kana kwamba mimi ni mwizi niliyeruka ukuta. Mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Kwa haki hata madhabahu yenyewe ingekuwa kwangu, na sijawahi kuidai.

Umelitazama lini mara ya mwisho hilo joho unaloliita sanda? Nilipofungua droo, ukungu ulinipiga puani. Begani palikuwa na madoa ya kijani. Kofia ilishagugunwa na panya ukingoni. Mihuri ya mahekalu ya upande wa Kochi, kule ambako Mama alilala kwenye kibanda cha basi kwa sababu ya mvua, imeanza kufifia. Vitu vile vilikuwa vinakufa mikononi mwako, na wewe unaita huko ndiko kuvitunza.

Nimempa kazi fundi wa fremu anayeaminika hapa mjini. Sasa joho, kofia na fimbo viko pamoja ndani ya kioo, sebuleni, mahali jua halifiki. Mkuu wa idara yetu alipokuja kula chakula alisimama mbele yake na glasi mkononi. Kisha akasema, "Mama yako si mtu wa kawaida." Nilijivuna, ndiyo. Tangu lini imekuwa kosa mtu kujivunia mama yake? Huko kwenu nani alikuwa anaviona? Wewe na panya.

Na hili nalisema kwa sababu umenilazimisha. Uliporudi kutoka kwa mumeo tulikupokea bila kukuuliza chochote. Usiigeuze hisani ile kuwa hati ya nyumba.

Halafu, kwa nini nitume ghalani? Unamficha Mama nini?

Nimekuwekea picha humu ndani. Itazame vizuri kabla hujashika kalamu tena.

Kaka yako,
Hisao


Uwajima
24 Septemba 1983

Kaka,

Nimeitazama vizuri, kama ulivyoniagiza.

Siku Mama aliporudi kutoka hija nilimpokea stendi ya basi, nikamshikia fimbo. Ilinifika begani. Kwenye picha yako imelingana na joho, haizidi hata kidogo, na mguu wake umenyooka kama kijiti cha kulia chakula. Iko wapi ile ncha iliyochanuka kama brashi? Njia nzima ya Mama ilikuwa kwenye ile ncha. Umeikata ili iingie kwenye kioo chako.

Umemkata Daishi mguu, Hisao. Watoto wanaocheza barabarani hapa kwetu wanajua kwamba fimbo ya mhujaji ni Mtakatifu Daishi mwenyewe, aliyeianzisha njia ile, anatembea naye. Kila jioni, kabla Mama hajaosha miguu yake, aliiosha fimbo kwanza. Siku kucha zilipomtoka vidoleni aliiosha fimbo kwanza. Ncha ikichakaa unaisugua kwenye jiwe, chuma hakiigusi. Na wewe ukampa mtu msumeno.

Kuhusu ukungu, umesema kweli, na ukweli huo umeniuma. Kila mwaka mvua zikiisha huwa nalianika joho kivulini. Mwaka huu sikulianika. Nilikuwa na mambo mengine.

Kuhusu mume wangu, nilitoka kwake kwa miguu yangu mwenyewe, sikuletwa na mtu. Na tangu nirudi, hisani mnayonifanyia ni hii: nampikia Mama, namkanda miguu, nampeleka hospitali, na wewe unatuma keki Mwaka Mpya.

Nalitaka joho kabla ya Mwaka Mpya huu. Usiniulize kwa nini. Kwa mara moja katika maisha yako fanya kitu bila kuelezwa.

Sumie


Nagoya
11 Oktoba 1983

Sumie,

Ile ncha ilikuwa imeoza. Fundi alisema ikiachwa itaambukiza fimbo yote. Nilimkubalia, sikujua mambo ya chuma na jiwe. Mama hajawahi kunihadithia safari yake. Wewe ndiye uliyekaa naye jikoni ukazisikia hadithi zote, halafu sasa unanipiga nazo kichwani.

Joho haliwezekani kwa sasa. Lilivyowekwa si kitu cha kufungua na kufunga kila mtu akipandisha hasira. Mwezi wa kumi na mbili tuna wageni wa kampuni, na wameshaambiwa habari zake. Mlete Mama majira ya maua, mwezi wa nne. Atalala kwetu, wajukuu watamtembeza, na ataliona mwenyewe jinsi lilivyotulia. Akisema hapendi, nitalirudisha.

Naanza kuamini kwamba shida yako si joho. Shida yako ni kwamba kuna kitu cha Mama ambacho mara hii hakiko mikononi mwako.

Hisao


Uwajima
16 Oktoba 1983

Hisao,

Hakuna majira ya maua.

Mwezi wa saba daktari aliniita peke yangu. Ni kansa ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Amesema hawatampasua. Amesema kama tutaona Mwaka Mpya tushukuru. Mama ameambiwa ni vidonda vya tumbo, ndivyo daktari alivyotaka na ndivyo nilivyokubali. Kila asubuhi namhesabia vidonge na kumwambia leo ana rangi nzuri.

Sikukuambia kwa sababu uso wako haujui kuficha kitu. Ulikuja sikukuu ya wafu na nilikuwa najua tayari. Nilikutazama ukicheka naye, ukimtania kwamba amekonda kama msichana, na yeye anacheka, nikasema acha wacheke. Siku ya pili ukaondoka na sanda yake chini ya kwapa.

Sasa umejua. Hao wageni wako waambie chochote. Nataka joho.

Sumie


Nagoya
20 Oktoba 1983

Sumie,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za ofisi. Sijui nilikaa pale muda gani.

Mwezi wa saba. Ulijua tangu mwezi wa saba, ukaniacha nimtanie kwa kukonda kwake. Nitaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema maneno yale mpaka nife. Unaniita mkata miguu ya watakatifu, na wewe ulimkata mtu miezi mitatu ya mama yake, miezi ambayo hakuna fundi wa kuirudisha. Ningeomba likizo. Ningekuja kila mwisho wa juma. Ulikuwa na haki gani?

Na sasa nisikie, kwa sababu sina tena nguvu ya kuzungukazunguka. Joho limegandishwa kwa gundi. Fundi aliupaka mgongo wote gundi akaubandika kwenye ubao, ili lisije likaning'inia na kukunjamana. Niliyaona matokeo ilhali gundi imeshakauka. Nilipopata barua yako ya kwanza nilijaribu kulibandua kwa kisu cha jikoni. Kipande kilichanika penye muhuri, nikaogopa, nikaacha. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia habari za wageni. Hakuna wageni.

Nimemtafuta mtu wa jumba la makumbusho anayejua vitambaa vya zamani. Anasema inawezekana, polepole, kwa mvuke, labda mpaka kiangazi. Nilimwambia sina kiangazi.

Niambie nifanye nini. Ukitaka kunitukana, nitukane kwanza halafu uniambie.

Hisao


Uwajima
2 Novemba 1983

Hisao,

Mimi mama yako. Mkono wangu unatetemeka kidogo, soma polepole.

Jana tulikuwa tunamenya figili za kuanika. Nikamwambia Sumie, mwanangu, niambie naumwa nini. Akasema vidonda. Nikamwambia tangu mwezi wa saba hujanigombeza hata mara moja, namwaga chai unafuta kimya, naacha maji yanachemka mpaka birika linaungua unaniambia si kitu. Mimi nimemuuguza mama yangu na nimemuuguza baba yenu, najua mgonjwa anaanza kusemeshwa vizuri lini. Basi akalia juu ya figili zote. Kisha akanieleza yote, ya daktari na ya gundi yako.

Nimekasirika, na nitakwambia kwa nini. Ninyi wawili mmekuwa mnavutana sanda yangu huku na huku nami nipo hai, nimekaa katikati, nachambua maharage. Mmoja ananificha kifo changu. Mwingine ananificha nguo yangu. Hakuna aliyenijia akauliza, Mama, wewe unasemaje? Wewe uliniambia unakwenda kuvitunza na hukusubiri jibu. Ningekujibu. Nilikuwa natafuta maneno tu. Siku hizi yanachelewa.

Sikutembea njia ile ili mtu asimame mbele yangu na glasi mkononi. Na wala sikutembea ili nguo ikae kwenye droo nayo iote ukungu, mwambie hivyo na dada yako, ingawa nimeshamwambia mwenyewe. Nilitembea kwa sababu nyumba bila baba yenu ilikuwa kimya na sikuweza kuivumilia.

Uje. Uje na huo ubao kama ulivyo, usiuguse tena kwa kisu. Usiutume. Uubebe mwenyewe kwenye treni na kwenye meli, mbele za watu. Mimi nimeshona nguo za watu tangu nikiwa binti, naijua mishono ya joho lile. Jeneza halina kiti, Hisao. Nitalala chali. Nani atauona mgongo wangu?

Vaa koti zito, huku kumeanza baridi.

Mama


Uwajima
30 Novemba 1983

Kaka,

Ulileta ubao, ukaondoka bila kula. Mama alikuwa amekaanga mwenyewe samaki, akiwa amesimama kwa kushikilia sinki. Ulipoona mkasi ulisema, "Mama, hiyo ni mihuri ya mahekalu," ukatoka, mlango ukaupiga nyuma yako kama mtoto aliyenyimwa kitu. Nilikufuata mpaka kwenye mteremko. Hukugeuka. Nikarudi na hasira zangu, nikamkuta Mama ameendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyetoka.

Kwa kuwa ulikimbia, nitakueleza. Hakukata kitambaa. Alifumua mishono ya ubavuni na ya mabegani, uzi kwa uzi, akalitoa joho upande wa mbele na mikono yake, salama, na mihuri yake. Mgongo ukabaki kwenye ubao ulipogandishwa. Palipochanika kwa kisu chako alipapitishia kidole, akacheka, akasema, "Huyu hata ganda la chenza hajawahi kulibandua vizuri."

Kisha akaniagiza nilete vazi la Baba la kiangazi, lile la bluu. Nilipojua anataka kulifanya mgongo nilimkatalia. Nikamwambia joho la hija ni jeupe tangu enzi na enzi, shangazi zetu watasema nini. Akaniambia, "Miaka yote ile nimelala baba yenu akiwa mgongoni kwangu. Akae hapo hapo." Nikamtungia uzi kwenye sindano, nyuzi zote, kwa sababu tundu halioni tena.

Lakini subiri, hujasikia. Jumanne nimerudi kutoka ghalani, Mama hayupo. Nimemtafuta kila mahali. Nikamkuta chini barabarani, kwenye lile benchi alilokuwa akikaa na kikapu kuwapa wahujaji machenza, na amelivaa joho. Amelivaa, Hisao, mchana kweupe, akiwa hai, na nusu ya kijiji inachungulia madirishani. Pembeni yake amekaa msichana mmoja mhujaji, goti limefungwa bendeji, wote wawili wanakula machenza. Maji ya chenza yameshadondokea muhuri wa kifuani.

Nilimfokea. Nilimfokea barabarani mpaka yule msichana akasimama. Kwamba joho hilo halivaliwi, kwamba baridi itamuua, kwamba amechafua alichokilinda miaka yote. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza pumzi, akasema, "Afadhali. Nilidhani umesahau jinsi ya kunigombeza."

Yule msichana aliulizia ile bluu ya mgongoni. Mama akamjibu, "Nyeupe nimemwachia mwanangu. Ana ukuta mkubwa."

Ubao wako uko hapa, umeegemea madhabahu. Hasira zangu pia ziko hapa. Mama anauliza kama ulifika salama, na mimi sijui nimjibu nini.

Sumie


Nagoya
6 Desemba 1983

Sumie,

Mwambie nilifika. Mwambie nilikaa kwenye benchi la stesheni ya Uwajima mpaka treni ikanipita, na nusura nirudi.

Wewe umeniita mtoto aliyenyimwa kitu. Hukuona nilichokiona. Mama aliinua mkasi na mkono wa nguo ukateremka mpaka kwenye kiwiko, nikauona mkono wenyewe. Barua zako zilikuwa zimeniambia, lakini barua ni karatasi. Sikuukimbia mkasi. Niliukimbia mkono ulioushika. Na wewe unaishi na mkono huo kila siku, na hukunionya.

Bado nina hasira kwa ajili ya ile miezi mitatu. Nakuambia ili usidhani kimya changu ni amani.

Tunakuja Mwaka Mpya, mimi, mke wangu na watoto. Tutakaa mpaka itakapobidi. Usitupikie kama wageni.

Hisao


Uwajima
26 Februari 1984

Kaka Hisao,

Kuna siku hukumbuki kwamba Mama hayupo mpaka unaona umeweka maji ya watu wawili kwenye birika. Leo ni siku ya namna hiyo, kwa hiyo naandika.

Nataka nikuambie kitu kuhusu mazishi ambacho sikuweza kukisema mbele ya watu. Nilipoona Baba Mdogo Kanzo anaingia na nguo mpya nyeupe ya mzishi, na shangazi wote nyuma yake wakinong'ona habari ya bluu na ya doa la chenza, nilikuangalia wewe. Nilijua utawakubalia. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni, ya kukuaibisha mbele ya ukoo mzima, na ningekuchukia siku ile mpaka mwisho wa maisha yangu, kwa raha kabisa.

Halafu ukasimama kati yake na jeneza. Hukupandisha sauti. Ukamwambia, "Baba Mdogo, Mama amevaa. Hiyo rudisha." Alipoanza kusema mambo ya mila ukamwambia, "Mgongo wake ni wa kwake na Baba. Sisi hautuhusu." Akatoka na ile nguo yake, na hakuna aliyenong'ona tena.

Uliniharibia hasira yangu. Nilibaki nayo mdomoni, sina pa kuitema, nikalia zaidi kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya Mama.

Lakini usijione umemaliza. Fimbo uliyoirudisha pamoja na ubao niliiweka mimi mkono wake wa kulia. Mzishi alisema anaweza kutupatia mpya, ndefu, kamili. Nikamwambia hapana, aende na ile aliyotembea nayo. Nilipoiweka iliishia juu ya goti lake, nikajua mahali hasa ule msumeno ulipopita. Siku za mwisho Mama aliniambia nisikusumbue tena kwa habari ya fimbo. Sikumkubalia. Nilimwambia usoni kwamba sitakubali, akafumba macho akatabasamu, basi.

Kumbukumbu ya siku ya arobaini na tisa ni mwezi ujao. Kasisi atakuja asubuhi. Ubao umeuacha tena, hata baada ya mazishi, na watoto wako wameniuliza kwa simu kama bibi alisema ni wenu. Alisema. Mgongo wote upo, na jina la Daishi katikati, na palipochanika. Sitauweka posta. Uje uuchukue mwenyewe, uubebe tena kwenye meli.

Bado nimekukasirikia, Kaka, na wewe bado umenikasirikia, tusidanganyane. Ila nimechoka kuzituma hasira zangu kwa stempu. Hizi zilizobaki nataka nikupe uso kwa uso, tukiwa tumekaa jikoni, na wewe unipe zako. Njoo siku moja kabla ya wengine.

Dada yako,
Sumie